Jina Tulilompa Bisimwa

Asubuhi ile niliondoka bila kujua ninakwenda wapi. Nilivaa koti, nikatia kipande cha mkate mfukoni, nikateremka kutoka Muhumba, mtaa wa juu hapa Bukavu, ambako nilikuwa nakaa katika chumba cha nyuma cha nyumba ya watu wenye uwezo. Nilipofika barabarani nikasimama. Kushoto au kulia, yote yalikuwa sawa. Nilikuwa namtafuta kijana mmoja, Bisimwa, aliyefanya kazi chini yangu bandarini. Alikuwa ametoroka. Watu walisema ameiba, na kwa kuwa mimi ndiye niliyemsimamia alipopewa kazi, ilikuwa juu yangu kumrudisha.

Kuondoka hivyo hakukunishangaza. Shule niliiacha nikiwa darasa la nne, siku lori la mizigo lilipoharibika mbele ya uwanja wetu nami nikataka kuona namna wanavyofungua injini. Nilipomaliza kuona, lori lilikuwa limeondoka na mimi nikiwa juu yake. Tangu hapo nimeuza makaa, nimechimba mchanga, nimepika katika kambi ya watengeneza barabara bila kujua kupika. Mwishowe nikafika ziwani, nikaanza kupakia boti za mbao zinazokwenda kisiwa cha Idjwi na Minova, na huko ndiko mgongo wangu ulikobaki. Kwa hiyo nawaandikia ninyi mnaoanza kazi ile sasa, na jaketi zenu za kuelea na simu zenu. Kuna mambo ya ubao na magunia nitawaambia. Kuna na jambo lingine ambalo ningependa mtu mwingine awaambie, lakini simwoni.

Nianze na ubao, maana ni rahisi. Ubao wa kupandia boti unacheza. Ukiwa na gunia mgongoni utataka kukimbia umalize, na hapo ndipo unaanguka majini na maharagwe ya watu. Mzee wangu wa kazi, Papa Ndamuso, alinifundisha kusimama kidogo mwanzoni, kuuacha ubao unisukume, kisha kwenda nao. Maharagwe yanakaa chini kwa sababu hayalalamiki. Vitunguu vinakaa juu vipate upepo. Mbuzi anafungwa mbali na kabichi, na kamba yake uikate fupi kuliko unavyofikiri. Sabuni inakaa mbali na unga wa muhogo. Hili la sabuni nililijua baada ya watu kule Kadutu kufanya arusi na kula bugali yenye harufu ya nguo zilizofuliwa. Mjomba wa bibi arusi alikuja hadi bandarini.

“Nani njo alitufulia matumbo?” akauliza.

Papa Ndamuso alikuwa amekwisha kunisukuma nyuma ya magunia. Akavua kofia, akamjibu kwa huzuni, “Amekufa, mukubwa. Tulimuzika jana.”

Ile ilikuwa aibu ya kuchekesha, na Papa Ndamuso alinificha kwa sababu nilikuwa petit wake. Ndivyo tulivyoita, na ndivyo mnavyoita hata leo: kila mbebaji mkubwa ana petit wake, kijana wa chini yake. Unamlisha, unamtuma, unamgombeza, mnajikinga mvua chini ya turubai moja. Na kuna sheria ambayo hakuna mtu aliyeitangaza lakini bandari nzima inaishika: petit wa mtu haulizwi na mtu mwingine. Ukiona jicho lake limevimba, halikuhusu. Ukiona hali chakula, hakikuhusu. Ana mkubwa wake. Sheria hiyo inafaa kama mkubwa wake anaangalia.

Bisimwa alitoka kijiji cha Mumosho, na alipokuja kwangu alikuwa hajatimiza miaka kumi na saba. Mabega yalikuwa ya mtu mzima. Alikuwa akiimba anapobeba, nyimbo za kanisani na za baa zikiwa zimechanganyika, na mguu wake ulijua ubao tangu siku ya kwanza. Nilimpenda. Nilimjivunia kama mtu anavyojivunia ng’ombe.

Basi Maman Chantal, aliyekuwa akinunua maharagwe Minova na kuyaweka katika ghala lake, depo, mjini, akaniomba kijana. Alikuwa mama wa heshima, mwenye sauti nzuri kwayani, na alikuwa akituletea chai ya maziwa ndani ya chupa kubwa bila kudai kitu.

“Papa Murhula, nitafutie mutoto mwaminifu anilindie depo. Atakula, atalala pale pale, na kwao nitabaangalia.”

“Kamata huyu,” nikasema, nikimsukuma Bisimwa mbele. “Huyu iko kama wa kwangu.”

Usiku akawa analinda depo, mchana anabeba nasi bandarini. Baada ya muda mfupi Bisimwa akawa na viatu vipya, kisha saa, kisha simu. Mama yake kule Mumosho akapata mabati juu ya nyumba. Bandarini tulianza kutazamana. Kila mtu alikuwa na la kusema kuhusu depo ile na chumba chake cha nyuma. Siku moja kijana akafika na shati jeupe lililopigwa pasi, nami nikasema kwa sauti mbele ya wote:

“Mupishe, mupishe. Bwana Arusi anapita.”

Walicheka mpaka Déo, mbebaji mwenzangu, akaangusha gunia. Bisimwa naye akacheka. Jina likashika. Hata watoto wanaouza maji wakawa wanamwita hivyo, na kila mara nilipolisikia nilifurahi, kwa sababu nilikuwa nimelitunga mimi.

Sasa nawaambia mambo niliyoyaona, maana sitaki mdhani kwamba nilikuwa kipofu. Aliacha kuimba. Alianza kufika asubuhi na kulala usingizi juu ya magunia, juani, mdomo wazi. Alikuwa akioga ziwani kukiwa na baridi, kisha anaoga tena kabla ya mchana. Chai ya Maman Chantal aliikataa, akisema tumbo linamuuma. Siku moja Déo alimwita Bwana Arusi kama kawaida, Bisimwa akampiga kwa kasia, na ilibidi watu watatu wamshike. Yote hayo niliyaona, na kwa kila moja nilikuwa na maelezo. Nilisema amevimba kichwa. Nilisema pesa zimemlevya. Nilisema ndivyo vijana wa siku hizi walivyo. Mimi ambaye nilikuwa nawafuata wavuvi kuwauliza kwa nini sambaza, wale samaki wadogo, hawapatikani mbalamwezi ikiwaka, ambaye nilitembea hadi Kadutu kuona namna pistoni inavyobadilishwa, sikumwuliza kijana wangu kwa nini anaoga tena.

Yeye ndiye aliyeniuliza mimi. Tulikuwa tunafunga turubai, kila mmoja upande wake.

“Papa, mutu anaweza kataa mutu mwenye kumulisha?”

“Kumukataa namna gani?”

“Kumukataa tu.”

Alisema hivyo akitabasamu. Nililijibu lile tabasamu. “Miye, kwa umri wako, ningewasha mishumaa ya kushukuru kanisani kila siku.”

Akafunga kamba. Akaifungua, akaifunga tena, ingawa ilikuwa imekwisha kufungwa vizuri. Siku chache baadaye hakuonekana, na Maman Chantal akateremka bandarini mwenyewe, kitambaa kizuri kichwani.

“Mutoto wako ametoroka. Ameniiba. Umurudishe, ao unitafutie mwengine.”

Hivyo ndivyo nilivyojikuta barabarani bila mpango. Pikipiki ya kwanza iliyosimama ilikuwa inateremka upande wa mto Ruzizi, kwa hiyo nikaenda Mumosho, kwa mama yake.

Nilimkuta anamenya muhogo mlangoni, chini ya mabati yale mapya. Alikuwa mwanamke mwembamba, na hakuinuka kunisalimu, akanionyesha kiti cha mti.

“Alikuya,” akasema kabla sijauliza. “Aliketi apo apo umeketi. Akasema harudi kwa ule mama. Nikamuuliza: anakupiga? Hapana. Anakunyima chakula? Hapana. Basi unalilia nini, weye mwanaume muzima? Akanyamaza.”

“Hakusema kitu?”

“Nilimwambia aangalie juu.” Akaelekeza kisu kwenye mabati. “Akaangalia. Akaondoka na batoto ba jirani. Wanasema bameenda kutafuta dhahabu Mwenga.” Akamenya muhogo mwingine mpaka mwisho. “Papa, mutoto aliiba nini?”

Hakuna aliyeniambia kimeibwa nini. Wala sikuwa nimeuliza. Kijana amekimbia kwa tajiri, na bandarini kwetu kijana akikimbia kwa tajiri ni mwizi. Hatuna maelezo mengine. Nilimwambia mama yule kwamba nitamwuliza mtoto mwenyewe.

Nilipata nafasi juu ya lori lililokuwa linapanda upande wa Walungu na kuendelea hadi Mwenga. Mimi nilizoea maji, na pamoja na kutangatanga kwangu kote nilikuwa sijawahi kufika huko. Barabara ile inapita milimani, na mahali pengine gurudumu linakanyaga hewa. Abiria wenzangu walicheka kuniona nimeshika kamba kwa mikono miwili. “Tonton,” mmoja akaniambia, “ile kamba haijafungwa popote.” Nikaangalia, ilikuwa kweli. Niliendelea kuishika.

Mwenga niliwauliza vijana waliokuwa pale malori yanaposimama.

“Bisimwa wa Mumosho?” mmoja akasema. “Ule mwenye hasemaka?”

Nikadhani ni mwingine. Lakini walinipeleka mtoni, mahali wanapotwanga mawe ndani ya vinu vya chuma kabla ya kuyaosha, na alikuwa yeye, amefunikwa vumbi jeupe mpaka kope. Aliponiona aliinuka na mchi mkononi, akarudi nyuma hatua chache.

“Umekuya kunirudisha.”

Nilitaka kusema uongo, nikashindwa. “Ndiyo. Njo nilikuya.”

“Banasema niliiba?”

“Banasema.”

“Nini?”

“Hakuna mwenye alisema.”

Akacheka kidogo kwa pua. “Na weye ukaamini.”

“Bisimwa, kama kulikuwa jambo, mbona hukuniambia? Miye sikujua.”

“Ulijua, papa.” Hakupandisha sauti. “Bote mulijua. Weye njo uliniita Bwana Arusi. Bwana arusi anafanyaka nini?”

Vijana wengine waliendelea kutwanga. Nilishukuru kelele ile.

“Nilifikiri ulikuwa unapenda,” nikasema.

“Nilikuambia nilipenda?”

“Ulikuwa unacheka.”

“Ulitaka nilie mbele ya Déo?”

Akakaa chini, nami nikakaa mbali kidogo, na akaniambia mengine akiwa anaangalia jiwe. Hayo ni yake, sitayaandika. Nitaandika mawili tu, kwa sababu mtayasikia tena mahali pengine mkiwa na masikio. Maman Chantal alimwambia kwamba akiondoka, mabati ya mama yake yatateremshwa. Na Bisimwa alipomwambia kwamba atasema kwa watu, mama yule alimjibu: “Angalia mikono yako. Nani ataamini kama mwanamuke anaweza kulazimisha mikono kama hiyo?”

“Alisema kweli,” Bisimwa akaniambia. “Ungeamini weye?”

Alijua jibu, nilikuwa nimekwisha kumpa tulipokuwa tunafunga turubai.

Hapa niruke mbele kidogo. Niliporudi Bukavu niliwaambia wenzangu bandarini, bila kutaja yaliyo yake, kwamba kijana hakuiba na kwamba mama yule amemharibu. Nilitumia neno hilo. Déo akasema, “Kama ile kazi iko wazi, mutaje jina yangu.” Wakacheka. Nilikifahamu kile kicheko kama mtu anavyofahamu kikohozi chake. Walipoona mimi sicheki, waliniuliza kama nina homa.

Nilikwenda pia kwenye nyumba moja wanayosikilizia wanawake walioumizwa. Msichana wa mlangoni alinionyesha benchi kwa adabu na kusema waume walioitwa wanasubiri pale. Nikasema mimi si mume wa mtu aliyeitwa.

“Basi mama iko wapi, papa?”

“Si mama. Ni kijana.”

“Kijana amefanya nini?”

“Amefanyiwa,” nikasema, na nikaona neno lenyewe haliingii kichwani mwake, kama vile lisivyoingia kwangu. Simlaumu. Alikwenda kumwita mkubwa wake, mwanamke mzee mwenye miwani, ambaye alinisikia mpaka mwisho bila kushtuka, akasema, “Kama hawezi kuya, tutatafuta namna ya kumufikia.” Ilikuwa mara ya kwanza kusikia mtu anasema jambo la maana tangu nianze kulisema. Na baadaye walimfikia kweli.

Kwa Maman Chantal nilikwenda mwenyewe. Nikamwambia hajaibiwa kitu na kwangu hatapata kijana mwingine. Alinitazama kwa huruma. “Papa Murhula,” akasema, “umezeeka.” Tangu siku hiyo mpaka nilipoacha kazi nilimwendea kila mbebaji mkubwa mmoja mmoja, nikamwambia asimpe mama yule petit wake. Wengine walinisikia. Wengine walisema nilitaka chai ya maziwa nikanyimwa. Kwa mama yake Bisimwa nilirudi pia, na chini ya mabati yale nilimwambia kwamba mtoto wake si mwizi. Hiyo ilikuwa nusu. Nusu ya pili ilinishinda, ikabidi mwanamke mwenye miwani aende kuisema.

Kama mnataka mbinu ya kazi, hii hapa, na ni mbinu kama ile ya ubao. Petit wako akionekana amebadilika, usimwite pembeni na kumkazia macho. Atakuambia hakuna kitu. Tafuta kazi ya watu wawili. Kufunga turubai ni nzuri, kushona gunia ni nzuri. Macho yake yakae kwenye kamba na yako yakae kwenye kamba, mwulize polepole, na akijibu kwa mzaha usicheke. Ngoja. Ubao utakusukuma. Mimi kazi ya watu wawili nilikuwa nayo, kamba nilikuwa nayo mkononi, na swali lenyewe kijana aliniletea, sikulitafuta. Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza.

Narudi Mwenga. Jua lilikuwa bado juu ya mlima walipoacha kutwanga. Bisimwa alinawa uso mtoni, akaniuliza nitalala wapi.

“Kule unalala weye,” nikasema. “Hata chini ni sawa.”

“Kwetu hapana.” Alijifuta kwa shati. “Tuko vijana tupu. Hatulazake mukubwa.”

Alisema hivyo kwa adabu, bila chuki, kama mtu anayeeleza desturi ya nyumba. Tulitembea. Njiani nilimwambia nitarudi peke yangu, na kwamba bandarini nitasema hakuiba. Aliitikia kwa kichwa. Nilianza kumwomba msamaha, nikaona maneno yanatoka yakiwa mengi na yote yananihusu mimi, nikayaacha. Nikamwuliza kama anakula vizuri. Akasema sombe, yale majani ya muhogo, iko, samaki hakuna.

Alinifikisha kwa mama mmoja mnene aliyeuza chumvi na betri mbele, na nyuma alikuwa na vyumba vya kupangisha wapitaji. Mama yule alinitazama viatu, kisha akamtazama yeye.

“Ni baba yako?”

Bisimwa alifikiri kidogo. “Ni mutu wa Bukavu,” akasema. “Tulitumika naye.”

Chumba kilikuwa na kitanda cha mbao, mkeka na ndoo. Nilitaka kuingia, akanishika bega, akaingia kwanza yeye. Hakuangalia kitanda. Aliangalia mlango. Alipitisha kidole kwenye komeo, akalisukuma, akalirudisha, akalivuta kwa nguvu kuona kama misumari inacheza.

“Unatafuta nini, kijana?” mama mwenye nyumba akauliza kutoka uani. “Chumba yangu haina wezi.”

“Naangalia kama inafungwa ndani.”

“Sasa itafungwa wapi?”

“Ya kule depo ilikuwa inje,” akasema, na hakumwambia yeye wala mimi.

Mama yule alisubiri aeleze zaidi, kisha akaenda kwa wateja wake. Bisimwa akatoka, akanipisha mlangoni bila kunigusa.

“Ingia, papa. Ufunge.”

“Bado mapema. Ningeketi uani kidogo.”

“Ufunge kwanza, nisikie.”

Nikaingia. Nikarudisha mlango, nikasukuma komeo mpaka mwisho, likagonga chuma. Nje viatu havikusogea. Alikuwa bado amesimama pale. Nikaweka mkono juu ya komeo nisilifungue, na baada ya muda nikasikia viatu vyake vinaondoka.